Cape Town: Mji Uliozaliwa na Maji ya Mlimani

Katika miji ya pwani ya kusini mwa Afrika, hakuna unaosifiwa kwa uzuri kama mji wa Cape Town. Nyuma yake umesimama mlima wenye kichwa bapa mfano wa meza, na mbele yake iko bahari kuu ya Atlantiki. Nyumba zimeshuka kutoka miteremko ya mlima mpaka ukingoni mwa bahari, na kati ya nyumba za watu na mawe ya mlima hakuna mwendo mrefu. Mtu aweza kuwa sokoni saa tatu ya asubuhi, na saa saba ya mchana akawa kileleni akitazama jinsi meli zilivyo ndogo bandarini.

Lakini uzuri huo hauelezi kwa nini mji ulijengwa mahali ulipo. Ghuba yake, iitwayo Table Bay, haikuwa kimbilio salama. Pepo kali za kaskazini-magharibi, zivumazo katika miezi ya baridi, zilivunja merikebu nyingi zilizotia nanga humo. Tena pwani yenyewe haikuwa na dhahabu wala soko kubwa la kuwavuta wafanya biashara. Kilichowavuta mabaharia kilikuwa ni kitu ambacho kila mmoja wetu hukitumia kila siku: maji matamu ya kunywa.

Kwa sababu hiyo, msomaji atakayejaliwa kuzuru Cape Town atauelewa mji huo vizuri zaidi akiyafuata maji: mahali yatokapo, watu walioyatumia, watu walioyabeba, na jinsi yalivyokaribia kwisha katika mwaka 2018. Ndivyo tutakavyofanya katika makala haya.

MLIMA NA KITAMBAA CHAKE

Mlima huo huitwa Table Mountain, maana yake Mlima wa Meza. Urefu wake ni mita 1,086 juu ya usawa wa bahari. Ukiutazama kutoka baharini, upande wa kushoto utaona Devil's Peak, yaani Kilele cha Shetani, na upande wa kulia Lion's Head, yaani Kichwa cha Simba, chenye mita 669. Mlima Kenya wapita mita 5,000, na kwa hiyo mtu wa kwetu aweza kudhani kwamba huu wa Cape Town ni kilima tu. Haifai kuudharau. Umeinuka karibu wima kutoka pwani, na hali ya hewa juu yake hugeuka kwa ghafula. Watu waliopanda kwenye jua kali wamejikuta ndani ya ukungu, wasiione njia waliyojia.

Katika majira ya joto, ambayo huko ni kuanzia Novemba hata Machi, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu. Mara nyingi wakati huo wingu jeupe hutanda juu ya kilele na kuning'inia kingoni mwake, kama kitambaa kilichotandikwa mezani. Wenyeji huliita kitambaa cha meza, na sababu yake ni hii. Upepo hutoka baharini ukiwa umebeba unyevu, na ukikutana na mlima hauna njia ila kupanda. Kadiri hewa inavyopanda ndivyo inavyopoa, na hewa iliyopoa haiwezi kushika unyevu mwingi. Basi unyevu hugeuka kuwa matone madogo sana, na matone hayo ndiyo wingu. Kila mpishi huona jambo lilo hilo mvuke wa sufuria unapogusa kifuniko kilicho baridi. Upepo ukishavuka kilele hushuka upande wa mji, hupata joto tena, na matone hukauka. Ndiyo sababu wingu lile huonekana likimiminika mchana kutwa, wala halifiki chini.

Wingu hilo si pambo tu. Matone yake hunaswa na majani na mawe ya kilele, na mvua za miezi ya baridi huleta maji mengi zaidi. Maji hayo huingia katika nyufa za mawe ya mchanga, husafiri polepole ndani ya mlima, kisha hutokea chini yake kwa njia ya chemchemi ambazo huendelea kububujika hata wakati wa kiangazi. Chemchemi hizo ndizo zilizouzaa mji.

MERIKEBU ZILIZOTAFUTA MAJI

Kabla Wazungu hawajafika, nchi hiyo ilikuwa ya wafugaji waitwao Wakhoikhoi. Walihama pamoja na ng'ombe na kondoo wao kufuata majira, na chini ya mlima palikuwa mojawapo ya mahali pao pa malisho na maji.

Bartolomeu Dias, Mreno, alilizunguka Rasi la Tumaini Jema mwaka 1488. Vasco da Gama alipita mwaka 1497, na katika Aprili 1498 akafika Mombasa na Malindi, habari ambayo watu wa pwani yetu waijua vema. Baada yao merikebu za Wareno, Waingereza na Waholanzi zikazidi mwaka hata mwaka. Safari ya kutoka Uholanzi mpaka kisiwa cha Java ilichukua miezi 6 au zaidi, na mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa fizi utokanao na kukosa matunda na mboga. Nahodha aliyefika Table Bay alijaza mapipa yake maji, akawapa Wakhoikhoi chuma na shaba ili apate wanyama wa kuchinja, kisha akatweka tanga na kwenda zake.

Tarehe 6 Aprili 1652 Jan van Riebeeck alishuka pwani kwa amri ya Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki. Hakutumwa kuanzisha nchi mpya. Alitumwa kujenga kituo cha maji, mboga na nyama kwa ajili ya merikebu zilizopita. Akalima bustani na kuinywesha kwa mifereji ya maji ya mlimani. Bustani hiyo ingalipo mpaka leo katikati ya mji, nayo huitwa Company's Garden. Siku hizi haioteshi tena mboga za merikebu. Ni mahali pa kupumzika chini ya miti mikubwa, karibu na majengo ya Bunge na ya makumbusho, na kuingia ni bure. Yafaa mgeni aanze matembezi yake hapo, kwa maana hapo ndipo mji ulipoanza.

Lakini bustani na mashamba havina budi kupata ardhi, na ardhi nzuri ni ile iliyo karibu na maji. Wakhoikhoi walijikuta wakizuiwa kuyafikia malisho yao ya zamani, na mwaka 1659 vita vikaanza. Walipokuja kufanya suluhu mwaka 1660, walimwuliza van Riebeeck kama wao nao wangekwenda Uholanzi wangeruhusiwa kufanya mambo kama hayo. Jambo hili aliliandika van Riebeeck mwenyewe katika kitabu chake cha habari za kila siku. Hata hivyo ardhi haikurudishwa. Mwaka huo huo Waholanzi walipanda boma la mlozi mwitu ili kuwazuia Wakhoikhoi na mifugo yao wasiingie. Kipande cha boma hilo chaonekana hata leo katika bustani ya mimea ya Kirstenbosch, iliyoanzishwa mwaka 1913 upande wa mashariki wa mlima. Wageni wengi hupita karibu nacho wakifuata maua, wala hawajui kwamba vichaka vile vilikuwa mpaka kati ya watu na maji yao.

WALIOYABEBA MAJI

Kampuni ilitaka wafanya kazi, na kuanzia mwaka 1658 merikebu zikaleta watumwa kwa wingi. Walitoka India, visiwa vya Indonesia, Bukini na Msumbiji, na wengine katika pwani hii yetu ya Afrika ya Mashariki. Wanaume walilima, walijenga na kuchanja kuni. Wanawake walipanda na mizigo ya nguo mpaka vijito vya mlimani, wakazifua kwenye mawe na kuzianika majanini. Nyumba kubwa ya Kampuni walimolazwa watumwa ilijengwa mwaka 1679 mwanzoni mwa bustani ile ile. Jengo hilo liitwalo Slave Lodge sasa ni makumbusho, na mtu wa Afrika ya Mashariki haifai alipite bila ya kuingia.

Iko habari nyingine ya kukumbukwa. Katika Desemba 1794 merikebu ya Kireno iitwayo São José ilikuwa ikitoka Msumbiji kwenda Brazili, imebeba watumwa zaidi ya 400. Ilipokuwa karibu na Cape Town iligonga mwamba na kuvunjika. Watumwa wapata 212 walikufa maji, na waliookoka waliuzwa papo hapo mjini. Wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale walitangaza mwaka 2015 kwamba wameyatambua mabaki ya merikebu hiyo. Mahali ilipovunjika ni karibu na Clifton, pwani ya mchanga mweupe ambayo leo ni miongoni mwa zile zinazopendwa sana na watu wa kuota jua.

Utumwa ulikomeshwa kwa sheria tarehe 1 Desemba 1834, ingawa waliokuwa watumwa walilazimishwa kuwafanyia kazi mabwana zao mpaka mwaka 1838. Wengi wao walikaa katika mtaa wa Bo-Kaap, kwenye mteremko wa kilima kiitwacho Signal Hill, na wajukuu zao wangali wakikaa huko. Nyumba za mtaa huo zimepakwa rangi za kila namna. Humo umo msikiti wa Auwal, wa mwaka 1794, ambao ndio wa kwanza katika Afrika Kusini. Imamu wake wa kwanza alijulikana kwa jina la Tuan Guru. Alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme wa Tidore, akaletwa mfungwa na Waholanzi mwaka 1780, na alipokuwa kifungoni aliiandika Kurani kwa mkono wake kwa kuikumbuka moyoni.

Waislamu hao walifanya jambo litakalompendeza kila asomaye Kiswahili. Lugha ya Kiafrikaans, ambayo wengi huidhani kuwa ni ya makaburu peke yao, wao waliiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa Lamu na Mombasa walivyoandika tenzi na barua zao. Kitabu cha dini cha Abu Bakr Effendi kilichoandikwa kwa namna hiyo, Bayan ud-Din, kilipigwa chapa Istanbul mwaka 1877.

TAREHE 11 FEBRUARI

Katika habari za Cape Town, tarehe 11 Februari yatajwa mara mbili. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi ilitangaza kwamba mtaa wa District Six, uliokuwa karibu na katikati ya mji, utakuwa wa Wazungu peke yao. Watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa mpaka nyanda za mchanga zilizo mbali, ziitwazo Cape Flats, na nyumba zao zikabomolewa. Makumbusho ya mtaa huo yalifunguliwa mwaka 1994. Sakafuni imechorwa ramani kubwa ya mitaa iliyobomolewa, na waliohamishwa wameandika majina yao mahali zilipokuwa nyumba zao.

Tarehe 11 Februari 1990 Nelson Mandela alifunguliwa kutoka kifungoni, na jioni ile akahutubia makutano makubwa kutoka roshani ya City Hall, mwendo mfupi tu kutoka District Six. Alikuwa amefungwa miaka 27, na 18 kati ya hiyo, tangu 1964 hata 1982, aliikaa katika Kisiwa cha Robben. Kisiwa hicho chaonekana waziwazi kutoka kilele cha Table Mountain, na wafungwa nao waliuona mlima kila siku. Waliponda mawe na kuchimba chokaa, na kwa miaka mingi walioga kwa maji ya bahari yaliyo baridi. Tangu mwaka 1999 kisiwa kimewekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mashua za wageni hung'oa nanga katika bandari ya V&A Waterfront, na imekuwa desturi kwamba aliyewahi kufungwa huko ndiye awaongozaye wageni ndani ya gereza. Yafaa kununua tikiti mapema, na kujua kwamba bahari ikichafuka safari huahirishwa.

BAHARI ILIYO BARIDI

Mtu aliyezoea kuoga bahari ya Mombasa atashtuka akitia mguu katika bahari ya Cape Town upande wa Atlantiki. Ni baridi sana, na tena huzidi baridi wakati wa joto. Jambo hili laonekana kuwa kinyume, lakini upepo ule ule wa kusini-mashariki ndio sababu. Ukivuma kwa nguvu husukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, na maji ya chini yaliyo baridi hupanda kushika mahali pake. Maji hayo ya vilindini yana virutubisho vingi, ambavyo hulisha viumbe vidogo sana. Viumbe hivyo hulisha dagaa, na dagaa hulisha samaki wakubwa, ndege na wanadamu. Atakaye kuoga kwa raha na aende upande wa False Bay, ambako maji yana joto kidogo zaidi.

Upande huo huo, karibu na Simon's Town, uko ufuko wa Boulders wanakokaa pengwini wa Afrika, ndege wasioruka, wenye migongo myeusi na vifua vyeupe. Mwaka 1982 walionekana wawili wawili tu wakianza kutaga mahali hapo, kisha wakaongezeka. Hata hivyo, kwa jumla ndege hao wamepungua vibaya mno katika pwani zote za kusini, hasa kwa kukosa dagaa wa kula, na mwaka 2024 walitiwa katika daraja la wanyama walio karibu kabisa kutoweka. Mgeni asimshike pengwini wala asimpe chakula. Ana mdomo mkali, na woga humfanya aache mayai yake.

Kutoka hapo barabara yaendelea mpaka Rasi la Tumaini Jema. Wengi hupigwa picha hapo wakidhani wamesimama mwisho wa Afrika. Sivyo. Ncha ya kusini kabisa ya bara letu ni Rasi Agulhas, lililo mbali zaidi upande wa kusini-mashariki.

MWAKA MAJI YALIPOKARIBIA KWISHA

Mji ulipokua, chemchemi hazikutosha. Katika mwaka 1897 bwawa la Woodhead lilimalizika kujengwa juu ya Table Mountain kwenyewe, na baadaye mabwawa mengine makubwa yakajengwa katika milima ya mbali. Leo mji una watu zaidi ya milioni 4 na nusu, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka katika mabwawa 6, ambalo kubwa kupita yote ni Theewaterskloof. Mabwawa hayo hujazwa na mvua ya majira ya baridi, yaani Juni, Julai na Agosti. Mvua hiyo ikikosekana hakuna ya pili ya kungojea, kama sisi tungojavyo vuli baada ya masika.

Mwaka 2014 mabwawa yalikuwa yamejaa. Kisha miaka mitatu, 2015, 2016 na 2017, mvua zikawa chache mno. Mapema mwaka 2018 wakuu wa mji walitangaza siku ambayo mifereji ya nyumba itafungwa, wakaiita Siku ya Sifuri. Siku hiyo ingefika, kila mtu angepanga foleni katika moja ya vituo 200 hivi apewe lita 25, yaani debe moja na kidogo. Tangu tarehe 1 Februari 2018 kila mtu aliagizwa asitumie zaidi ya lita 50 kwa siku, kwa kunywa, kupika, kuoga, kufua na kusafisha choo.

Watu waliitika. Walioga huku wamesimama ndani ya beseni, na maji yale wakayatia chooni. Hoteli ziliondoa vizibo vya hodhi za kuogea. Wakulima wenye mabwawa yao walifungulia mji lita bilioni 10. Mji uliokuwa ukitumia lita zipatazo milioni 1,200 kwa siku mwanzoni mwa mwaka 2015 ukatumia kiasi cha milioni 500 tu miaka mitatu baadaye. Katika Mei 2018 mabwawa yalibaki na kama sehemu moja katika tano. Mvua za Juni zikanyesha, Siku ya Sifuri haikufika, na mwaka 2020 mabwawa yalijaa tena.

Yako mambo mawili ambayo ukame ule uliyafunua. La kwanza ni kwamba maji hayakuwa yakigawanywa sawasawa hata kabla ya shida. Katika vitongoji vya mabanda vya Khayelitsha na kwingineko, watu walikuwa wamezoea foleni ya mfereji mmoja kwa nyumba nyingi, na maji waliyoyatumia yalikuwa sehemu ndogo sana ya maji yote ya mji. Siku ile matajiri waliyoiogopa, kwa wao ilikuwa ndiyo kila siku. La pili lahusu miti. Mimea ya asili ya milima ile ni vichaka vifupi vyenye majani membamba, viitwavyo fynbos, na hunywa maji kidogo. Misonobari, mikaratusi na miwati iliyoletwa kutoka ng'ambo imeenea juu ya vyanzo vya mito, nayo hunywa maji mengi kabla hayajafika bwawani. Kwa hiyo tangu ukame ule kazi ya kuing'oa miti hiyo milimani imekazwa. Mkulima wa kwetu aliyepanda mikaratusi karibu na chemchemi akaiona ikikauka hahitaji kuelezwa zaidi.

Wataalamu waliouchunguza ukame huo walieleza mwaka 2018 kwamba kuongezeka kwa joto la dunia kumeufanya ukame wa namna ile uwe rahisi kutokea mara 3 kuliko zamani. Basi shida iliahirishwa, haikuondolewa.

MGENI NA JEMBE LAKE

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni wa Cape Town ni kutunza maji ya wenyeji. Aoge kwa dakika mbili, afunge mfereji anapopiga mswaki, na asidai taulo mpya kila siku kwa kuwa amelipa. Wageni wengi huja katika Desemba na Januari, na hiyo ni miezi isiyo na mvua. Maji wanayoyatumia ni akiba ya majira yaliyopita.

Mambo mengine ya kumfaa msafiri ni haya. Tangu tarehe 1 Januari 2023 raia wa Kenya huruhusiwa kuzuru Afrika Kusini bila ya viza kwa muda usiozidi siku 90 katika mwaka, lakini ni vema kuhakikisha kanuni kabla ya kukata tikiti. Awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana wasafiri watokao Kenya hutakiwa kukionyesha. Fedha ya huko ni randi, na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Miezi ya Machi na Aprili hupendeza, kwa kuwa upepo umepungua na joto si kali. Katika Agosti na Septemba maua ya porini huchanua, na nyangumi huonekana karibu na pwani.

Gari la waya la kupandia Table Mountain lilifunguliwa mwaka 1929. La sasa huchukua watu 65 na hufika juu kwa dakika 5 hivi. Upepo ukizidi husimamishwa, kwa hiyo siku ya kwanza iliyo shwari ndiyo ya kupanda; asiseme kesho. Anayependa kupanda kwa miguu na afuate njia ya Platteklip, kwa saa mbili au tatu. Asiende peke yake, achukue maji na nguo ya baridi, awaambie watu njia anayoifuata, na aulize kwanza katika hoteli njia zipi ni salama.

Kwa lugha hatapotea. Kiingereza hutumika kila mahali, lakini akisikia Kixhosa atatambua udugu wake na Kiswahili: watu ni abantu, nyama ni inyama, na maji ni amanzi. Akiisha kuona vilele na fukwe, na ajipatie nusu siku ya kutembea mpaka lile bwawa la Woodhead mlimani. Yuko makumbusho mdogo wa mitambo ya maji hapo, na ukuta wa mawe ambao umeyashika maji tangu mwaka 1897. Kutoka huko aweza kushuka mjini kwa miguu kuelekea upande yatokeako maji, mpaka ile bustani ambayo kwa ajili yake watu waligombana, watumwa walichukuliwa, na mji ukajengwa.